Moshi Ulipoondoka Teplovo

Ijumaa jioni, Lukeria Pereverzoff, ambaye bonde zima linamwita Lusha, alisahau kuteremsha mlango wa pantoni.

Pantoni ilikuwa imeshagusa gati, magari matatu yamewasha injini, na yeye amesimama kibandani mwake, mkono bado uko kwenye kishikio cha mtambo, anaangalia mlima. Kwa siku ishirini na tatu hakuuona. Alikuwa akivuka mto Kutenai kwa kufuata waya tu, ule waya mnene wa chuma unaovuta pantoni, ambao siku zile ulitoka ndani ya moshi na kuishia ndani ya moshi. Sasa upepo wa magharibi ulikuwa ukiusogeza moshi polepole, kama mtu anayevuta shuka asimwamshe mwenzake, na mlima ulikuwa pale pale, mweusi juu, kijani chini, na mahali rangi hizo mbili zilipokutana palikuwa pamenyooka kama pindo la nguo.

"Dada Lusha," dereva wa gari la kwanza akatoa kichwa dirishani, "tumefika, au hapa tunabadilisha kivuko?"

"Mmefika. Niwieni radhi. Nilikuwa naangalia kama kijiji bado kipo."

"Kipo. Mke wangu amenipigia simu kuuliza nimechelewa wapi. Kwa hiyo kipo."

Akateremsha mlango. Magari yakatoka, na kila dereva akampungia mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yao.

Lusha alikuwa na miaka hamsini na tisa, na pantoni hiyo alikuwa ameiendesha kwa miaka ishirini na miwili. Dakika tatu kwenda, dakika tatu kurudi, magari manane kwa mkupuo. Kabla yake hapakuwahi kuwa na mwanamke kwenye kazi ile, na mwaka wa kwanza wazee wa kijiji chake cha Teplovo walikuwa wakishuka garini kila safari na kwenda kusimama karibu na majaketi ya kuokolea maisha, eti wananyoosha miguu. Kaka yake Vasya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinyoosha. Lusha alicheka, akafanya kazi yake, na mwaka wa pili wazee wakabaki ndani ya magari yao wakisinzia.

Mumewe Nikolai alikuwa mtu wa kiwanda cha mbao. Alikufa akiwa na miaka hamsini na saba, kifua kimemwisha, na miezi yake ya mwisho alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi ilimkimbia. Ndiyo maana mwezi wa Aprili, binti yao wa pekee Nyura aliposimama jikoni na kusema ameacha kazi ya ofisini mjini, amejiunga na kikosi cha kuzima moto wa msituni, Lusha aliendelea kukanda unga bila kugeuka. Kisha akasema, "Nimeshamzika mmoja kwa ajili ya kifua. Wa pili asije kuniletea kikohozi chake hapa."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yalivyotua. Lakini mikono ilikuwa na unga, na Nyura alikuwa ameshashika mkoba. Tangu siku hiyo, miezi minne, ujumbe ulikuwa wa aina moja tu kwenye simu: "Nipo. Niko salama." Na Lusha alijibu: "Haya." Mara nyingine aliandika mengi, akayafuta, akaacha hilo "haya" peke yake.

Katikati ya Agosti moto ulianza kwenye mabonde ya nyuma, kwa radi. Moshi ukashuka. Jua likawa jekundu na dogo kama nyanya, na majivu yakaanguka juu ya magari, juu ya matango, juu ya nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Lusha alibandika utepe wa gundi kwenye nyufa za madirisha yote, akafunga kichujio nyuma ya feni, na feni hiyo ikanguruma sebuleni usiku na mchana kwa ajili ya mama yake, Bibi Malanya, aliyekuwa na miaka themanini na sita.

"Redio inasema tusitoke nje," alisema Malanya kila asubuhi. "Na mimi naiambia redio isiingie ndani. Izime."

Kisha, Jumatano moja saa tisa alasiri, amri ikaja ya watu wa Teplovo kuhama. Njia ya kutoka ilikuwa moja, nayo ilikuwa Lusha. Alivusha magari, matrekta, mbuzi wa jirani, piano moja na mizinga ya nyuki iliyofunikwa blanketi. Mama yake alikaa kwenye kigoda ndani ya kibanda cha pantoni, barakoa usoni na mkoba magotini, akavuka naye kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Vasya, aliyekuwa na nyumba ng'ambo, alikuja mara tatu kumchukua.

"Mama, tafadhali, shuka. Chumba chako kiko tayari."

"Huyu akivuka mara ya mwisho, na mimi nitavuka mara ya mwisho. Mpishe huyo mwenye mbuzi."

Walimaliza saa mbili kasoro usiku. Wakakaa kwa Vasya siku nane. Moto ukashuka hadi nusu ya mlima, ukasimama. Alhamisi mvua ikanyesha, Ijumaa watu wakaruhusiwa kurudi makwao, na jioni ile ile, baada ya zamu, ujumbe wa Nyura ukaingia kwenye simu ya Lusha, mrefu kuliko kawaida: "Nimepewa mapumziko ya siku mbili. Nije?"

Lusha alikaa kwenye ngazi za nyumba na kuuangalia kwa muda. Akaandika: "Hilo nalo la kuuliza?" Akaona limekaa vibaya. Akafuta. Akaandika: "Njoo. Napika borshi."

*

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, alimkuta mama yake amesimama juu ya kiti anabandua utepe wa gundi dirishani.

"Mama, shuka hapo."

"Nikishuka nani atabandua?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa umelala."

Wakabandua pamoja. Dirisha la kwanza lilipofunguka, hewa iliingia na harufu ya majani yenye maji, na pazia likainuka, likatulia, likainuka tena. Lusha alizima feni. Ukimya ulioingia ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wote wawili walisimama kuusikiliza. Kisha mtu wa jirani akagonga kitu kwa nyundo, jogoo akawika kwa kuchelewa, na mto ukasikika ukipita kule chini kama ulivyopita siku zote.

Walifua mapazia, wakafuta majivu kwenye vizingiti vya madirisha. Yalikuwa laini kama unga wa mtama. Sufuria la borshi, ile supu yao ya mboga, likawekwa jikoni na kabichi, nyanya, viazi, bitiruti, siagi na krimu isiyopimwa. Saa tatu ilipokaribia, Lusha akaenda bustanini.

"Matango hayo umeyachuma mara mbili," mama yake akamwambia kutoka kibarazani.

"Naangalia kama nimeacha."

"Hujaacha. Nenda gatini ukamsubiri mwanao kama watu."

Hakwenda. Alisimama kati ya matuta, mikono mitupu, na hapo ndipo alipomwona Nyura akipandisha njia kwa miguu, begi begani, viatu vyake vikubwa vya kazi vikiinua vumbi. Alikuwa amekonda. Uso umekuwa wa kahawia, isipokuwa kuzunguka macho, palipokuwa pameachwa peupe na miwani. Alimwinamia bibi yake kwanza, kama desturi yao, na bibi akamshika mashavu kwa mikono miwili asimwachie.

"Unanuka kama samaki wa kukaushwa," alisema Malanya.

"Nimeoga mara mbili, bibi."

"Basi siku hizi maji hayana kazi."

Kisha akamgeukia mama yake. Walikumbatiana haraka, kama watu wanaoogopa kuvunja kitu. Nywele zake zilikuwa na moshi mpaka kwenye mizizi.

"Umekula?" Lusha akauliza.

"Nimekula njiani, kwenye gari."

"Hicho si chakula. Ingia."

"Acha nivue viatu kwanza."

Nyura akaketi kwenye nyasi chini ya mplamu, akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua, akakiweka kando. Akashika kamba za kiatu cha kushoto. Lusha aliingia ndani kuchukua kikombe cha maji, na alipotoka, binti yake alikuwa amelala chali, mkono mmoja bado umeshika kamba.

*

Alilala tangu saa tatu na nusu asubuhi.

Vasya alifika saa tano na mkewe Doreen, amekumbatia tikiti maji kama mtoto mchanga. Alisimama kando ya mpwa wake, akamtazama.

"Kilo kumi na mbili," alinong'ona. "Nimelibeba kutoka gatini. Nimetoka jasho mpaka kwenye soksi. Na yeye ndiyo hivyo."

"Usinong'one," Bibi Malanya akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Hapa hakuna msiba. Mtu akisikia watu wa kwao wanaongea, analala vizuri. Leteni meza huku."

Meza ikaletwa nyasini. Doreen alifunga shuka jeupe kwenye matawi ili jua lisimpige Nyura usoni, na kila jua liliposogea, mmoja wao aliinuka bila kuambiwa na kulisogeza shuka. Walikula borshi na pyrahi, maandazi madogo yaliyojazwa njegere. Wakazungumza kuhusu nani amerudi na nani bado, jokofu la nani limeoza, nyuki wa nani wamegoma kurudi mzingani. Vasya akapasua tikiti, likatoa ule mlio wake, na aliyelala hakutikisika. Plamu moja iliyoiva ikaanguka karibu na sikio lake. Hakutikisika.

"Ana uhai kweli?" Vasya akauliza.

"Anakoroma, mume wangu," Doreen alisema. "Kama wewe, ila yeye ana sababu."

Baadaye Vasya naye akalala kwenye kiti, kofia usoni, na Doreen akaingia ndani na Malanya kupanga mapazia. Lusha alibaki. Alipiga magoti, akafungua kamba za kile kiatu cha kushoto taratibu, fundo kwa fundo, akakivuta. Akavua soksi. Kisigino kilikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka na kukauka, na juu ya kifundo palikuwa na mstari, majivu yameishia hapo na ngozi ikaanza. Aliuweka ule mguu juu ya nyasi. Kisha akavuta ndoo ya viazi na kisu, akaketi kando yake.

Mchana ule ulikuwa mrefu kama michana ya utotoni. Upepo ulipita juu ya miti bila kugusa chini. Mlima mmoja ulijitokeza nyuma ya ule wa karibu, wa samawati, kisha mwingine nyuma yake, samawati iliyopauka zaidi, na Lusha alihisi kama mtu anaichora pale pale huku yeye akimenya viazi. Alifikiri kwamba labda amesinzia, kwa sababu alimwona Nyura wa miaka sita, amelala chini ya koti la manjano kwenye kibanda cha pantoni, kama alivyolala siku zile baba yake akiwa zamu ya jioni kiwandani. Na alihisi pantoni ikitikisika kidogo miguuni mwake, ikienda, ikirudi, mto ukiwa mweupe kwa mwanga. Aliposhtuka ndoo ilikuwa tupu. Alikuwa amemenya viazi vya kutosha harusi, na hakuna aliyeviomba.

Saa kumi na moja Nyura akafumbua macho. Aliangalia shuka juu yake, majani, uso wa mjomba.

"Ni siku gani?"

"Novemba," Vasya akasema. "Theluji iko njiani. Tumegawana nguo zako."

"Na tikiti?"

"Tikiti limeliwa na watu wenye tabia njema."

Lakini walikuwa wamemwekea nusu nzima, na aliila yote kwa kijiko, ameketi pale pale alipoamkia.

*

Jumamosi Teplovo ni siku ya mvuke. Kila nyumba ina kibanda chake uani cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, na kwa majuma matatu hakuna aliyewasha jiko lake. Nani angependa moshi zaidi? Malanya alipotangaza kwamba leo watawasha, Doreen alishika shavu.

"Mama mkwe, tuwashe moto? Leo?"

"Huu moto una mlango," Malanya alijibu, "na una bomba, na unafanya kazi ninayoutuma."

Waliingia wanawake watatu, bibi, mama na mjukuu, wakakaa kwenye ngazi za mbao, gizagiza, mawe yakilia kila yalipomwagiwa maji. Nyura alikohoa. Alikohoa kwa muda, ameinama, akatema kwenye beseni kitu cheusi. Lusha aliangalia mikono yake mwenyewe. Mwishowe kikohozi kikaisha.

"Mama," Nyura akasema, "ile Jumatano mliyohama, nilikuwa kule juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya kijiji. Kwenye mgongo wa mlima. Walituhamisha kutoka kaskazini asubuhi yake. Tulichimba mtaro wa kuzuia moto tangu saa sita mchana."

Lusha aligeuza kichwa. "Ulikuwa hapa, na hukuniambia?"

"Simu zilikuwa kwenye gari. Na ningekuambia nini? Ungevuka mto ukapanda kunifuata."

"Angepanda," alisema Malanya. "Na mimi ningekaa na mbuzi."

Nyura akacheka, akakohoa. "Moshi ulikuwa unafunguka na kufunga. Ulipofunguka niliiona pantoni. Taa yake ya manjano tu. Inaenda, inarudi. Mkuu wetu aliniambia nipumzike, nikamwambia bado. Nikasema taa ile ikiwa inatembea, basi kijiji kina watu, na mimi sipumziki. Halafu ikasimama upande wa pili na haikurudi tena. Nikajua bibi amevuka. Nikakaa chini nikanywa maji."

Mawe yalilia. Maji yalimtiririka Lusha usoni, ya mvuke na yasiyo ya mvuke, na humo ndani hakuna ambaye angeweza kuyatenganisha. Tangu jana jioni alikuwa akiwaambia watu kwamba ule mstari ulionyooka mlimani, mahali weusi ulipoishia, ni bahati na upepo.

"Maneno yale ya Aprili," alisema mwishowe. "Sikutakiwa kuyasema."

"Uliyasema kwa sababu ya baba."

"Niliyasema kwa sababu ya woga. Baba yako hayumo."

Nyura alichota maji, akayamwaga juu ya kichwa chake. "Mimi pia naogopa, mama. Si kila siku. Siku nyingine nafurahi mpaka najishangaa."

"Sitakuambia uache."

"Haya."

"Lakini utapimwa kifua. Hospitali, mashine, kila kitu. Na karatasi uniletee niisome mwenyewe."

"Oktoba, msimu ukiisha."

"Oktoba tarehe ngapi?"

Bibi Malanya akasimama, akajifunga taulo. "Mimi natoka. Nyie mkiendelea hivi mtaiva."

*

Jumapili asubuhi walikwenda kwenye ukumbi wa sala, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, mkate na chumvi na jagi la maji mezani katikati, kama ilivyo desturi ya imani yao. Koo zote za Teplovo zilikuwa na mikwaruzo. Zaburi ya kwanza ilianza chini mno, kama watu wanaoimba wakiwa kisimani, na wazee wawili wakakohoa kwa zamu mahali ambapo sauti ya pili huingia. Lakini hakuna aliyeacha. Ilipofika ubeti wa tatu sauti zilikuwa zimejipata, nzito, zinatembea polepole, na madirisha yote yalikuwa wazi. Lusha alisimama kati ya mama yake na binti yake, bega kwa bega, akaimba bila kujua sauti yake ni ipi.

Mchana walishuka mtoni, kwenye mchanga ulio chini ya gati. Maji yalikuwa na baridi ya theluji za mbali. Vasya aliingia hadi magotini na kutangaza kwamba hiyo inatosha kwa mwaka huu. Doreen akamrushia maji. Malanya alikaa kwenye kiti chake cha turubai, miguu ndani ya mto, akila plamu na kutema kokwa mbali kadiri alivyoweza, na alikuwa anatema mbali kweli.

Nyura alielea chali, mikono wazi. Baada ya kusitasita, Lusha naye akaelea. Miaka ishirini na miwili juu ya mto huu, na hakukumbuka mara ya mwisho kuwa ndani yake. Masikio yalikuwa chini ya maji. Alisikia tu mvumo wa waya wa pantoni ukipita mbali, na kokoto zikigusana chini. Juu mbingu ilikuwa ya samawati iliyooshwa, na chembe moja ya majivu, ya mwisho labda, ilishuka ikizungukazunguka, ikatua majini karibu na mkono wa Nyura, ikayeyuka.

"Mama, unaenda mbali," alisikia sauti ya binti yake kwa mbali.

"Siendi. Nakuja."

Saa kumi zamu yake ikaanza. Gari la kikosi lilikuwa linamsubiri Nyura ng'ambo, kwa hiyo alivuka na mama yake, amesimama kibandani na chombo cha pyrahi mkononi ambacho kingelisha kikosi kizima. Nyura aliuliza mtambo unafanyaje kazi, ingawa alijua tangu utotoni, na Lusha akamweleza kila kitu tena, polepole. Walipogusa gati, Nyura aliinamisha kichwa kwa mama yake, kama watu wao wanavyoagana, na Lusha akamwinamia vilevile, akateremsha mlango.

Moto wa mlimani ulizimika kabisa mwezi wa Septemba, mvua zilipokaza. Oktoba Nyura alileta karatasi ya hospitali. Lusha aliisoma mara mbili akiwa amevaa miwani, mara ya tatu bila miwani. Kifua kilikuwa kizima, ila waliandika arudi kupimwa tena masika. Akarudi. Kisha akarudi pia kwenye moto, kiangazi kilichofuata na kingine baada ya hicho, na mama yake hakulipenda jambo hilo hata siku moja. Alimwambia hivyo kila Jumapili kwenye simu, kwa urefu, huku Bibi Malanya akiongeza maneno kutoka kibarazani, na Nyura akisikiliza mpaka mwisho, akila kitu.